Mama Aseme Mwenyewe

...basi nikinyamaza itakuwa hapana, ndivyo alivyosema karani, "Mama, usiponijibu nitaandika hapana," na kalamu ameiinua, ananitazama, na mimi sijanyamaza, mimi bado nakuja, maneno yangu hutembea kwa miguu tangu nikiwa msichana, hata katekista alipokuwa akituuliza Mungu ni nani wenzangu walijibu wote kabla jibu langu halijafika mdomoni, lakini likifika lilikuwa zima, alisema hivyo mwenyewe, Philomena anachelewa lakini haji mikono mitupu... huyu karani hanijui, ni kijana wa Bukoba, anaitwa Valerian, Kiswahili chake kinakimbia kama mvua juu ya bati, amenisalimu vizuri, shikamoo mama, nikasema marahaba mwanangu, kisha akaniuliza mbele ya watu wote hawa, "Wewe ndiwe mama yake Marcel, mjane wa marehemu Herman, na huyu ni mtoto wako pekee, je, unakubali aende kambini miezi sita kufyeka pori la mbung'o, ndiyo au hapana?", ndiyo au hapana, kana kwamba moyo wa mtu una milango miwili tu, na jua la saa nne linapiga bati la banda hili mpaka linalia, ka, ka, na vijana wamesimama mstari mrefu, wengine vifua wazi kwa sababu wametoka kupimwa mapafu, wanangoja zamu zao, wananingoja mimi, na Marcel wangu amesimama upande ule wa meza, mikono nyuma, anatazama uwanja wa ndege kule Ibadakuli ambako hakuna ndege, hanitazami, na najua kwa nini hanitazami, hataki macho yake yaniombe... alikuwa hivyo hata alipokuwa na njaa, anakaa pembeni ya chungu akitazama mlango... na hapa ubavuni kwangu amesimama shemeji Makoye, mdogo wake Herman, na kofia yake ya kanisani na fimbo yake ya ng'ombe, amekohoa kile kikohozi chake cha kutaka kusema, sasa atasema, ndiyo, anasema, "Karani, shemeji yangu huyu si msemaji, tena bado yuko kwenye msiba, unaona kaniki yake, wewe andika hapana, mtoto ana ng'ombe wa kuchunga," na kalamu inashuka kidogo, nimeiona ikishuka, moyo wangu ukashuka nayo, na hapo ningeweza kushukuru kwa sababu ndivyo nilivyokuja, nimekuja na kimya changu tayari, nimekibeba tangu nyumbani kama mzigo wa kuni, nisiongeze neno wala nisipunguze, wanaume wamalize, na mtoto abaki, na asubuhi nisikie miguu yake nje ya nyumba... lakini karani amesema, "Baba mdogo, ngoja kidogo, sheria ya kambi inasema kama mama ni mjane na kijana ni wa pekee, mama aseme mwenyewe," na Makoye akasema, "Sheria gani hiyo ya kuwauliza wanawake habari za ukoo?", na karani akasema bila kumkasirikia, "Si yangu, baba, imetoka juu, imepigwa mhuri," na watu wakacheka, na kijana mmoja kwenye mstari akasema kwa sauti ya kusikika, "Mbung'o watakufa kwa uzee kabla mayu huyu hajajibu," wakacheka zaidi, na Apolonia jirani yangu, ambaye amenisindikiza hapa na kikapu chake cha viazi, akamgeukia, "Wewe uliyezaliwa haraka haraka, ndiyo maana ulitoka hujaiva," na mstari mzima ukaanguka kwa kicheko, hata karani aliinamisha uso, Marcel peke yake hakucheka, shingo yake tu ilitikisika, ile shingo ya baba yake...

Mama aseme mwenyewe. Nalirudia hilo ndani yangu kama mtu anayeonja chumvi. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, si kwa ubaya, ndivyo tulivyo, baba alisema kwa niaba yangu nilipoposwa, Herman alisema kwa niaba yangu mbele ya mtemi na mbele ya Padri, na Herman alisema vizuri, sikuwa na haja ya kusema, na alipofariki baada ya Pasaka wakakaa kikao cha ukoo na mdomo wa nyumba ukahamia kwa Makoye kama vile ng'ombe wanavyohamishwa zizi, hakuna aliyeniuliza na wala sikungoja kuulizwa... leo asubuhi njiani, tulipokuwa tunavuka lile bonde la mpunga, Makoye akapunguza mwendo akaniambia, "Shemeji, ukiulizwa nyamaza tu, mimi nitasema," nikasema haya, halafu tukatembea, halafu akasema tena, bila kugeuka, kwa upole, kama mtu anayekukaribisha kivulini, "Lakini huyo mtoto akiondoka ujue nyumba ile haina mwanamume, kabla ya mvua nitakuhamishia kwangu, watu wasije wakanisema," na hapo nilielewa, miguu iliendelea kutembea lakini mimi nilibaki pale bondeni, kwa sababu kuhamia kwake si kuhamia, kwake yuko mke wake, na mimi nitakuwa wa pili, nitapewa nyumba nyuma ya zizi na jembe jipya na usiku wangu, na pete ya Herman bado iko kidoleni, Padri alisema mpaka kifo kitakapowatenga, na watu wananiambia kifo si kimekwisha kuja, Philomena, ndiyo, kimekuja, nakijua, nilikifunga taya kwa kitambaa kwa mikono hii, lakini mimi sijamaliza... Makoye si mtu mbaya, Ee Mungu, nisimseme vibaya, alileta ng'ombe wa matanga, alichimba kaburi na vijana mpaka mikono ikatoka malengelenge, ila anasema neno kana kwamba limekwisha kujibiwa... na Marcel hajui habari hii ya bondeni, alikuwa ametangulia mbele na wenzake wakiimba, sikumwambia na sitamwambia, maana angegeuka palepale, angerudi nyumbani na shoka lake begani bila neno, na mimi ningepata kile nilichokitaka, na ningekula nacho ugali kila siku...

Karani anageuza karatasi, anamwambia mwingine asogee, "Wewe wa Kolandoto, stakabadhi ya kodi unayo?", na kijana anasema anayo, imelowa, "Imelowa kwa nini?", "Nilivuka nayo mto, bwana," na karani anaipeperusha juani, basi amenipa nafasi, ananingoja huku anafanya kazi nyingine, kijana mwema huyu, ana mama mahali... na zile sheria alizosoma asubuhi akiwa juu ya sanduku, sisi wazazi tumekaa chini kwenye majani, Makoye alisinzia lakini mimi nilizisikiliza moja moja, mimi nasikia polepole kama ninavyosema lakini nikisikia nimesikia, alisema kijana awe ametimiza miaka kumi na minane na asizidi ishirini na mitano, asiletwe mtoto na asiletwe mtu mzima mwenye watoto wa kulisha, na nikakumbuka Herman alivyochukuliwa kwenye kazi ya mtemi enzi zile za vita kabla Marcel hajaanza kutembea, walipiga ngoma tu, kila nyumba itoe mtu, wazee na vitoto, wenye vidonda na wasio na vidonda, wakaingizwa porini wakakata kila kitu kilichosimama, mpaka miti ya nyuki, mpaka kivuli cha kunyweshea, ng'ombe wakapona na mbung'o lakini wakaungua na jua, na Herman alirudi na mstari mgongoni wa kiboko cha mnyapara, kwa sababu alisimama kunywa maji, mstari ule ulikaa mgongoni kwake mpaka nilipomwosha kwa mara ya mwisho, nikaupitisha kitambaa polepole kana kwamba bado unauma... na leo karani amesoma, hakuna kijana atakayepigwa, mnyapara akimpiga mtu ni mnyapara atakayefukuzwa, na wanaume walinong'ona, mzee mmoja akasema, "Sasa watafyeka kwa kubembelezwa?", lakini mimi nilishika magoti yangu, nikasema ndani yangu, Herman, umesikia hilo... na akasema mti usiopakwa chokaa usiguswe, hata kama una asali, hata kama uko njiani, na atakayekata pori la mbung'o mwezi huu atachimba lambo mwezi ujao, na atajenga matuta ya kuzuia maji yasile udongo, na atapanda miche ya kitalu, asikate tu akaenda, na asichome majani, na asiwinde kwa shoka la serikali, na pombe isivuke lango la kambi, na kijana akijikata aseme siku hiyohiyo asifiche kidonda kwa aibu, na dawa za ngoma zibaki nyumbani, hapo Bagika na Bagalu wakanguruma, maana vijana wetu hata kulima wanalima kwa vikundi hivyo viwili vya ngoma, kila kikundi na mganga wake na matusi yake, mmoja akamwuliza karani, "Na nyimbo je?", karani akafikiri, akasema, "Nyimbo imbeni, ila msimtukane mama wa mtu," na mwingine akasema, "Basi Bagalu wote wamekuwa bubu," na wakacheka mpaka mnyapara akacheka...

Nilipozisikia sheria zile nilikuwa namtazama Marcel mgongoni, na kwa kila moja nilijisemea, hii anayo, hii anayo, na hii nilimpa mimi, Padri husema kiburi ni dhambi ya kwanza, nitaungama Jumamosi, lakini leo ni Jumanne na acha nikae nacho kidogo... nani aliyemfundisha kutofungua kinywa kusema uongo, nani aliyemfundisha kupanda kitu mahali alipokata kitu, baba yake alipozikwa, watu walipokwisha kutawanyika, alikwenda akakata matawi ya minyaa kwa jirani, akayachomeka kuzunguka kaburi, kiangazi kikavu kabisa, watu wakasema atapoteza muda, na yeye kila jioni alichukua maji niliyooshea vyombo akaenda nayo kule kwa kibuyu, sikumwagiza, hakuniambia, nilimfuata siku moja nikamkuta amepiga magoti, nikadhani anasali, kumbe anakandamiza udongo kwa viganja, na labda alikuwa anasali vilevile, na ile minyaa yote ilishika... wenzake wanataka Geita kwenye dhahabu, au Songwa kule kwenye almasi, wanarudi na viatu na baiskeli na redio za kupiga kelele, na Herman naye alikwenda Geita baada ya kazi ya mtemi, kwa sababu ya kodi na sare ya shule, akakaa shimoni miaka, akarudi na shati zuri na kifua kibovu, kila mwaka kifua kilikula kidogo, mpaka tukampeleka hospitali ya Kolandoto juu ya kitanda cha kamba, na wauguzi wale wa Kiprotestanti wakamwimbia wimbo wao kwa Kisukuma, nasi Wakatoliki tukasali rozari, sauti zikagongana hewani, na Herman akatabasamu akasema mbinguni watachanganyikiwa, halafu akasema anataka matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, nikampikia jikoni kwa wageni, nikamletea, hakuweza kutafuna, aliweka kimoja mdomoni akakishika tu pale kwa ulimi, akafumba macho kama mtu aliyefika nyumbani... na Marcel alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, na alipoulizwa na baba zake wadogo atakwenda lini Geita kushika nafasi ya baba yake, alisema, tena akiwa na yale matobolwa kinywani, bila heshima hata kidogo, "Sitaki kuchimba shimo nisilolijaza," nikampiga kibao begani kwa ajili ya matobolwa, si kwa ajili ya neno...

"Mama Marcel," anasema karani, "umesikia swali?" Nimeitikia kwa kichwa kwamba nimesikia. "Basi chukua muda wako, lakini wa leo," anasema, na watu wanacheka kidogo, kicheko cha kuchoka, na Makoye anasema kwa Kisukuma, chini chini, "Shemeji, twende zetu, jua kali," na mkono wake umegusa kiwiko changu, si kwa nguvu, kama mtu anavyogusa ng'ombe ili ageuke... ngoja, shemeji, ngoja kwanza, kuna jambo naliona sasa, lilikuwa mbele yangu tangu asubuhi sikuliona kwa sababu ya hasira, maana nilikasirika, ni kweli, nilimkasirikia mtoto wangu, karani alipofika kwenye sheria ile ya mwisho aliuliza, "Kuna kijana hapa ambaye mama yake ni mjane na hana mtoto mwingine?", na mimi nikahesabu moyoni, yuko mtoto wa Eufrasia wa ng'ambo ya mto, baba yake alipozikwa tulikuwa wote mazishini, hana ndugu hata mmoja, akatazama vidole vya miguu yake, na yuko mwingine mrefu, wa pekee kama yeye, naye akatazama bati, na hakuna ambaye angewataja, sisi sote tulijua na sote tukanyamaza, kazi ni kazi, na Marcel naye angeweza kutazama vidole vyake, angekuwa amekwisha kuandikwa, angekuwa anafunga mkeka sasa hivi, na mimi nisingekuwa hapa mbele ya watu na ulimi wangu mzito... lakini yeye aliinua mkono, juu, wote wakageuka, akasema, "Mimi, mama yangu ni Philomena, amekaa pale," akanionyesha, nami nikasema moyoni, mtoto mjinga, umejifungia mlango mwenyewe na ufunguo umenipa mimi... nikamkasirikia hivyo mpaka hapa mezani, na sasa nalitazama lile jambo upande wake wa pili, alinipa mimi, hakunipa kwa bahati mbaya, hakwenda kwa kuiba miguu yake gizani kama wale wanaokwenda Geita, mama zao wanaamka hawawakuti, aliinua mkono ili niulizwe, mtoto huyu alitaka niulizwe, alijua kwamba ninaweza kusema hapana na akainua mkono, Bikira Maria, amenitendea kama mtu... hakuna mwanamume aliyewahi kunitendea hivyo, hata Herman aliyenipenda, Herman alikuwa akisema kwa ajili yangu na nikafurahi, na huyu wa tumboni mwangu amekaa kimya ili mimi niseme, na mimi nilikuwa nataka kumlipa kwa kimya cha namna nyingine, kimya cha kudanganya, ningesema nilishikwa na ulimi, angeniamini, angesema pole mama, angechukua fimbo akaenda kwa ng'ombe, na angeniamini maisha yake yote... hapo ndipo pabaya, si hapana yenyewe, hapana ingekuwa neno, ningeweza kulisimamia mbele ya Mungu, lakini kunyamaza na kuwaachia wengine wakiite kimya chako hapana...

Vidole vyangu vimekuta rozari ndani ya pindo la kaniki, sikuvituma, viko kwenye fumbo la kwanza la furaha, nami nikaona kitu nilichokisali tangu ujana bila kukiona, kwamba yule msichana wa Nazareti aliulizwa, Padri alitueleza siku za Majilio, malaika alikuja na habari kubwa kuliko zote na akasimama, akangoja, na yule binti hakukimbilia kujibu, aliuliza kwanza itakuwaje, na mbingu yote ikakaa kimya ikimngoja msichana wa kijijini achague neno lake, na wala malaika hakusema usiponijibu naandika hapana... nisijilinganishe, Ee Mama, mimi ni Philomena wa viazi na pamba, lakini hata kwako hawakumuuliza Yosefu kwanza... nataka kucheka, haifai, nimevaa kaniki... itakuwaje, ndiyo, acha niulize na mimi, itakuwaje nyumba isiyo na mwanamume, shemeji amesema hivyo bondeni na nikaliogopa neno zima kama lilivyokuja, sikulipasua nikaona ndani, nani alilima shamba langu baada ya mazishi, si Makoye, Makoye alikuwa na lake, walikuja wanawake wa elika, kikundi chetu cha kulima kwa zamu, alfajiri, na majembe begani, Apolonia mbele akipiga vigelegele vya msibani ambavyo si vya furaha wala si vya kilio, walilima mpaka jua likasimama, wakala ugali wangu wakaenda, na zamu ya mwingine ilipofika nilikwenda na mimi, na kaniki yangu, nikalima mstari wangu, polepole lakini mpaka mwisho, na hakuna aliyesema nyumba hii haina mwanamume, walisema nyumba hii ina jembe, nyumba inayotoa jembe kwenye elika ni nyumba, ndivyo tunavyohesabu sisi... na ng'ombe ni wachache, mume wa Apolonia anaweza kuwaingiza kwenye kundi lake kama alivyofanya wakati wa matanga, alisema mwenyewe hata mwaka mzima, na usiku mlango wangu una komeo alilolitengeneza Herman, na mchana Kanisa liko pale kilimani, na miezi sita ni mvua moja, na kijana atarudi mikono imekomaa, atakuwa anajua kupima tuta lishike maji, na lambo, maji ya kunywesha ng'ombe wa watu asiowajua, wa watu ambao bado hawajazaliwa, na pori ambalo lilikuwa la inzi litakuwa la watoto kupita kwenda shule, na hakuna atakayemwekea mstari mgongoni... Herman, mstari wako ule, mwanao hatakuwa nao, na ni sheria, imepigwa mhuri, nimeisikia kwa masikio yangu...

Na wewe, shemeji, mkono wako bado uko kwenye kiwiko changu, sikukasirikii tena, nakuonea huruma kidogo, kwa sababu uliniambia utanihamishia kwako lakini hukuniuliza, na kwa sababu hukuniuliza mimi sijakujibu, na asubuhi nilidhani kutojibu ni kukubali, kumbe neno langu kwako bado ninalo, lote, halijatumika, na njia ya kurudi nyumbani ni ndefu na bonde lipo, nitakujibu pale pale kwa heshima, kwa Kisukuma, nitakuambia asante kwa ng'ombe na asante kwa kaburi, na mimi nitakaa kwenye nyumba ya Herman mpaka Marcel alete mkwe, na baada ya hapo nitakaa pembeni yake, na ukiniita kwenye kikao nitakuja na kiti changu, utanuna, utasema mbele ya watu kwamba nimeharibika, na Jumapili utanipisha kwenye benchi kama kawaida... naogopa, nisidanganye, na nikifika nyumbani leo hakutakuwa na miguu nje ya nyumba, nitapika kwa kipimo cha mtu mmoja na nitakosea nipike cha wawili, nitalia, nimezika watoto wawili wadogo na mume na sasa natoa huyu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mdomo wangu, lakini huyu simziki, huyu namtuma, na ni mimi ninayemtuma, si mtemi kwa ngoma yake, si shimo, si shida ya kodi, mtu akimuuliza kambini nani alikuruhusu, atasema mama, aliulizwa, akasema... Apolonia ananong'ona nyuma yangu, "Philomena, bebe, wewe, watu wanakutazama," waache watazame, wamtazame mama yake yule, yule aliyeinua mkono peke yake kati ya vijana wote hawa, wanitazame vizuri, tumefanana... "Mama," anasema karani, na sasa sauti yake ni ndogo, si ya ofisini, amechovya kalamu tena wino, Makoye ananong'ona, "Nilikuambia hawezi," na Marcel bado anatazama ule uwanja mtupu, ila kifua chake hakipandi wala hakishuki, mwanangu ameziba pumzi, pumua, mwanangu, nimefika, linakuja, limepita kifuani, liko kwenye meno, ni fupi kuliko nilivyodhani njiani, na karani ameinua uso, na shemeji amefungua mdomo, lakini wangu umefunguka kwanza.